Daftari la mahudhurio limejaa, sasa nini kimebadilika?

Hii ni hotuba niliyoitoa hapa Mwanza kwa maafisa ustawi wa jamii, watu wa mashirika na wanafunzi wa fani yetu. Wengi waliomba maandishi, kwa hiyo nimekaa na rekodi ya simu nikaiandika, nimepunguza kidogo pale nilipojirudia na mengine nimeyaacha yalivyotoka mdomoni.

Mwangaluka! Haya, asanteni, naona Wasukuma mpo na hata wasio Wasukuma mmeshajifunza kuitikia.

Mheshimiwa mwenyekiti, nimepewa mada yenye jina refu, mbinu za utafiti na utendaji unaozingatia ushahidi katika ustawi wa jamii, na nikiangalia kule nyuma naona tayari kuna vijana wanatafuta soketi ya kuchajia simu. Tulieni. Sitaandika fomula hata moja. Nataka tuongee kitu kimoja tu, kwamba sisi kwenye kazi hii tunahesabu sana tulichofanya na hatuhesabu kilichobadilika, halafu tunaandika kana kwamba ni kitu kimoja.

Chukua ripoti yoyote ya robo mwaka, iwe ya halmashauri au ya shirika, ifungue katikati. Utakuta semina zimefanyika kadhaa, wazazi wamefikiwa kadhaa, vipeperushi vimegawiwa, kuna picha ya watu wamesimama na bango, halafu chini kuna ile sentensi mnayoijua, "jamii imepata uelewa". Uelewa umeupimaje? Mara nyingi ni kwamba watu walikaa mpaka mwisho na wakasaini daftari, na tukiwa wakweli humu ndani walikaa kwa sababu nauli inagawiwa mwishoni.

Na hata ukiupima huo uelewa ukakuta kweli umepanda, bado. Hili sikulitoa mbali, lipo mkoani kwetu. Wenye umri wangu mnaukumbuka mradi wa MEMA kwa Vijana, ulianza 1999 vijijini huko Sengerema, Kwimba, Misungwi na Geita, enzi hizo Geita bado ni Mwanza. Walichukua maeneo 20 wakayagawa kwa bahati nasibu, kumi yapate mradi na kumi yaendelee na huduma za kawaida. Kule kwenye mradi watoto wa darasa la tano mpaka la saba wakafundishwa afya ya uzazi, wahudumu wa zahanati wakafundishwa namna ya kumpokea kijana bila kumfokea kama wamemfumania, kondomu zikasogezwa, na jamii ikashirikishwa. Ni NIMR, yaani taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, shirika la afya la AMREF na wenzao wa London School of Hygiene and Tropical Medicine, sio mradi wa kubahatisha yaani.

Baada ya miaka mitatu wakaenda kupima. Wakiuliza maswali ya maarifa, vijana wa kwenye mradi wako juu. Wakiuliza mitazamo, wako juu. Ungekuwa mradi wetu hapo tunafunga kitabu, tunapiga picha, tunaomba awamu ya pili. Lakini wale walichukua na damu, na damu haikuonyesha tofauti ya kueleweka kati ya maeneo ya mradi na yale mengine, si kwenye VVU, si kwenye virusi vya malengelenge ya sehemu za siri. Wakarudi tena 2007 na 2008, wale watoto sasa ni vijana wakubwa, wengine wameshaoa na kuolewa, picha ikawa ile ile. Maarifa bado yamebaki kichwani, ila maambukizi hayana tofauti ya maana.

Kuna kitu kingine walikiona ambacho kwangu mimi ndo kizito zaidi kwa mtu anayetembea na dodoso. Walilinganisha njia tofauti za kuuliza, dodoso la ana kwa ana, dodoso la kujijazia, mazungumzo marefu ya faragha, na watafiti kwenda kuishi kijijini kabisa wakiangalia maisha. Majibu hayakulingana! Kulikuwa na vijana ambao vipimo vya mwili vinaonyesha wameshafanya ngono na kwenye dodoso wamesema hawajawahi hata mara moja. Sio kwamba ni waongo kuliko wewe na mimi. Binti wa kijijini anaulizwa na mgeni mwenye kalamu na beji, unategemea ajibu nini? Anajibu kile anachoona kitamweka salama. Basi na wewe ukienda kumuuliza baba "unampiga mtoto wako?" siku mbili baada ya kumfundisha kwamba kupiga ni vibaya, jibu lake linakwambia semina aliisikia, la nyumbani hulijui bado.

Mimi nawaheshimu sana wale kwa jambo moja, waliyachapisha matokeo yale bila kuyaficha. Kwetu mradi ambao haujaleta kitu tunaupa sura ya "changamoto" na tunasema muda ulikuwa mfupi.

Sasa kuna mtu atasema, mtaalamu, mimi nipo kwenye kata miaka yote, naona kwa macho mtu akibadilika, ya nini makundi linganishi. Nakubali unaona. Ila fikiria watu wanafika ofisini kwako lini. Mama haji dawati la jinsia la polisi siku ya kawaida, anakuja siku yamemfika shingoni. Mtoto analetwa siku ametoroka mara ya nne. Wiki chache baadaye mambo yametulia kidogo, kwa sababu ya ushauri wako au kwa sababu kila kitu kikifika kileleni huwa kinashuka chenyewe? Kwa macho huwezi kujua. Lazima uwe na mtu kama yule, mwenye shida kama ile, ambaye hukumgusa.

Niwape mfano wa Marekani, ni wa zamani ila sijaona mwingine unaoniuma kama huu. Mwaka 1939, Massachusetts, ulianza mradi unaitwa Cambridge-Somerville. Wavulana 506 wa mitaa ya watu wa hali ya chini, wakawapanga wawili wawili wanaofanana umri, familia na tabia, halafu wakarusha sarafu, mmoja anapata msaada na mwenzie hapati. Anayepata anatembelewa nyumbani kama mara mbili kwa mwezi, anasaidiwa masomo, anapelekwa kwa daktari, kiangazi anapelekwa kambi ya mapumziko, kwa wastani miaka mitano. Hebu niambieni nani humu ndani ana mradi unaompa mtoto mmoja miaka mitano ya namna hiyo? Hamna.

Miaka kama thelathini baadaye mtafiti Joan McCord akawatafuta wale watu mmoja mmoja, akachapisha 1978. Wengi wa waliosaidiwa walisema mradi uliwasaidia sana, wanawakumbuka washauri wao kwa upendo. Lakini alipoweka takwimu pembeni ya wale wenzao wa sarafu, waliosaidiwa walikuwa na hali mbaya zaidi kwenye mambo kadhaa, kurudia kosa la jinai baada ya la kwanza, dalili za ulevi, ugonjwa mkubwa wa akili, hata kufa mapema. Baadaye yeye na wenzake walipochimba zaidi wakaona madhara yamejikusanya kwa wavulana waliopelekwa kambi zaidi ya mara moja, ukiwakusanya vijana wenye matatizo pamoja wanafundishana.

(Hapo ukumbi ulinyamaza kidogo, nami niliwaacha.)

Angalieni yaliyopo pale. Wahudumu wenye moyo, pesa ipo, walengwa wanashukuru, na bado madhara. Shukrani ya mlengwa ni kitu kizuri lakini usiiweke kwenye safu ya matokeo. Na sisemi eti kambi na vituo vyote vya watoto wa mtaani hapa mjini vifungwe, mtu asinitoe nje ya muktadha akaenda kuandika kwenye grupu la WhatsApp. Nasema kila anayekusanya vijana kumi wenye shida wakalala chumba kimoja awe na jibu anapoulizwa, unajuaje hawatoki hapa wamejua mengi kuliko walivyoingia?

Watu wanachukia hii habari ya sarafu na bahati nasibu, wanasema ni ukatili kumnyima mwenye shida. Ingekuwa ukatili kama pesa ya kuwapa wote ingekuwepo. Mara nyingi haipo, kuna watakaongoja tu, na kwa kawaida anayeamua nani angoje ni mjuano. TASAF, mfuko wa maendeleo ya jamii, walipojaribu ruzuku ya fedha kwa kaya maskini zile siku za mwanzo, Bagamoyo, Kibaha na Chamwino, walichukua vijiji 80 na 40 vikaingia kwa bahati nasibu. Ndo maana leo mtu akikwambia pesa ya TASAF watu wanailewea una kitu cha kumjibu zaidi ya kubishana, maana ililinganishwa, na kilichoonekana ni kaya kuongeza mifugo kama kuku na kulipia bima ya afya ya jamii, CHF.

Tuje kwenye nani unamhesabu, maana hapa ziwani tuna mitego yetu wenyewe. Tuseme umetumwa ufanye utafiti wa watoto wanaofanya kazi kwenye mwalo wa dagaa, pale ufukweni mitumbwi inaposhusha. Umepangiwa wiki, umepewa gari, unaenda. Umeuliza mwezi upo wapi? Mwezi wa angani nauliza, sio wa kalenda. Dagaa wanavuliwa usiku wa giza kwa taa, mbalamwezi ikiwa kali taa haiwavuti vizuri, mitumbwi inapumzika, wavuvi wengi wanaondoka kwenda kuona familia au kushona nyavu. Ukienda mwalo siku za mbalamwezi utakuta pametulia, vichanja na mchanga vitupu, watoto wachache, utaandika tatizo ni dogo. Mwenzako akienda baada ya wiki mbili atakuta watoto wanaanika dagaa tangu alfajiri, ataandika tatizo ni kubwa, na mkikutana kwenye kikao kila mmoja anamwona mwenzie mzushi. Wote mmesema kweli, ila hamkusema ni lini. Suluhisho ni kugawa siku zako kwenye giza na mwanga, haigharimu kitu, inahitaji tu kumuuliza mama mchuuzi wa dagaa kabla ya kuandika ratiba.

Vile vile na faili zetu. Faili za ofisini zinaonyesha waliofika ofisini. Ule utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika 2009 ulikwenda kwenye kaya, ukauliza vijana wa miaka 13 mpaka 24, ukakuta karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walipitia ukatili wa kingono kabla ya kufika miaka 18. Linganisha na idadi ya mashauri kwenye kabati lako. Kwa hiyo mashauri yakiongezeka kwenye kata yako usikimbilie kusema ukatili umeongezeka, inawezekana kabisa watu wameanza kukuamini, na yakipungua pia usishangilie, labda yule askari wa dawati waliyemzoea amehamishwa.

Kuna hadithi ya vikongwe nataka niiguse, najua ni nzito kwa wengine humu. Sote tuliokulia kanda hii tumefundishwa maelezo yale yale, bibi macho mekundu, macho mekundu ni ya moshi wa kupikia kinyesi cha ng'ombe, watu hawajui, basi wanamdhania mchawi na kumuua, kwa hiyo dawa ni elimu. Semina zimepigwa miaka na miaka kwa mantiki hiyo, na moshi ni kweli, macho ni kweli. Lakini mchumi mmoja, Edward Miguel, alichapisha 2005 kazi aliyoifanya Meatu, akaweka mauaji ya vijiji vile mwaka kwa mwaka pembeni ya mvua. Miaka ya mvua isiyo ya kawaida, ukame au mafuriko, mauaji ya wanaotuhumiwa uchawi yalikuwa kama mara mbili ya miaka mingine. Mauaji mengine ya kawaida hayakupanda hivyo. Macho yalikuwa mekundu miaka yote, si ndio? Kilichobadilika ni chakula ndani ya nyumba.

Sasa hiyo haimaanishi imani haina nafasi, bila imani ile njaa ingeangukia mahali pengine, na ni wilaya moja tu, sitaki mtu atoke hapa anasema imethibitishwa kanda nzima. Ila inabadilisha swali la afisa. Badala ya kuuliza semina ya elimu tuifanye kata gani, unauliza mvua ikigoma mwaka huu, ni kaya zipi zina mzee anayetegemea na shamba limekauka, na msaada unawafikia kabla ya mwezi gani. Maelezo ambayo kila mtu anayajua ndo hayo hayo hayajapimwa na mtu, nimeshaacha kuyaamini kirahisi.

Na ushahidi wenyewe hausafiri kama mzigo wa basi, kwamba ukipakiwa hapa unashuka kule ulivyo. Mwanza tulitoa utafiti uliosomwa dunia nzima, 1995, jamii 12, sita zikaimarishiwa tiba ya magonjwa ya zinaa kwenye vituo vya afya na zahanati zilizokuwepo tayari, na maambukizi mapya ya VVU yakapungua kwa kama asilimia 40. Watu wakasema dawa imepatikana. Ng'ambo huko Uganda, Rakai, wakatoa tiba ya magonjwa ya zinaa kwa watu wote kwa mikupuo, matokeo yakatoka 1999, VVU havikupungua. Ziwa ni lile lile! Lakini namna ya kutibu ilikuwa nyingine, na janga la Rakai lilikuwa limeshakomaa kuliko la kwetu, wataalamu wamebishana miaka mingi uzito upo wapi. Basi mtu akikuletea mwongozo kutoka London au hata Nairobi akasema hii imethibitishwa, muulize imethibitishwa kwa nani, wakilinganishwa na nani, na hapa kwangu nini ni tofauti.

Hili jina la utendaji unaozingatia ushahidi lilianza kwa watu wa tiba kule Chuo Kikuu cha McMaster, Canada, mwanzoni mwa miaka ya tisini, wa ustawi tukalichukua baadaye. Wengi wanadhani maana yake ni kufuata makala. Hapana, ni vitu vitatu pamoja, ushahidi bora uliopo, uzoefu wako wewe mtendaji, na mteja mwenyewe anataka nini na anaishi vipi. Cha tatu ndo kinasahaulika. Kuna jaribio la MAISHA lililofanyika hapa hapa jijini, matokeo 2019, wanawake wa vikundi vya mikopo walipata vipindi kumi vya mafunzo ya mahusiano na jinsia, na kipigo kutoka kwa wenza kikapungua, ingawa kile kipimo kikuu kilichojumlisha kipigo na ukatili wa kingono pamoja hakikutoka wazi. Ni habari njema. Lakini mama aliyekaa mbele yako leo hayupo kwenye kikundi, anauza nyanya Mabatini, mumewe ni mkali akichelewa, anakwambia hawezi kutoka jioni. Utamlazimisha vipindi kumi? Makala inakwambia mlango upo, yeye ndo anakwambia kama anaweza kupita.

Kabla sijasahau, usalama. Kuuliza ni kitendo, kinaweza kuumiza. Mwongozo wa WHO wa 2001 wa utafiti wa ukatili majumbani uko wazi, uliza faraghani, mwanamke mmoja tu kwa kaya, na usitangaze mtaani kwamba umekuja kuuliza habari za kipigo, unasema ni maisha na afya ya wanawake. Na mume akiingia ghafla uwe na maswali mengine mkononi, chanjo ya mtoto, uzito wa mtoto, unageukia huko bila kushtuka. Sasa sisi tunaenda tumeongozana na mwenyekiti wa mtaa, mtendaji, na wakati mwingine na gari lenye maandishi ya mradi ubavuni! Halafu tunashangaa kila mtu nyumba yake ina amani.

Sasa kwa afisa asiye na bajeti, maana najua ndo mlio wengi, kata nne mtu mmoja na pikipiki haina mafuta. Chagua shauri moja, moja tu, la mtoto anayetoroka shule. Usianze ushauri siku hiyo hiyo kama hakuna hatari ya haraka, nenda kwanza kwenye rejista ya mwalimu uchukue mahudhurio ya wiki sita zilizopita. Hizo zipo, zimeandikwa na mtu asiyekujua, hakuna aliyekuwa anakufurahisha. Halafu kila wiki unapofanya kazi na familia unaongeza namba moja, na ukishafunga faili unarudi baada ya miezi mitatu unaangalia tena. Chora kwenye karatasi ya kawaida. Ukiwa na mashauri kumi ya hivyo umeshajua kitu kuhusu kazi yako ambacho ripoti zako zote hazikukwambia. Na wale walioacha kuja katikati, tafadhali, wafuateni hao hasa. Sisi tunawahoji waliobaki, na waliobaki ndo wale tuliowafaa.

Dada mmoja wa shirika aliinua mkono hapo akauliza, na mfadhili je, nikimwonyesha mstari haujapanda si atakata pesa? Nikamwambia inawezekana, dada yangu, sitakudanganya, wapo wanaokata. Lakini kipindi cha kuandika andiko la kuomba pesa ndo cha kuliweka hilo, omba pesa ya vipimo vya mwanzo na ya kurudi baada ya mwaka, iandike kwenye bajeti kama ulivyoandika chai na ukumbi, na sema mapema kipi kikitokea utabadilisha njia. Mfadhili aliyesaini hapo ana kazi ngumu ya kukushangaa baadaye.

Ombi langu kwa mwenyekiti ni dogo. Fomu yetu ya robo mwaka ina safu ya shughuli, safu ya idadi ya waliofikiwa na safu ya changamoto. Naomba iongezwe safu moja inayouliza, hali ilikuwaje kabla, ikoje sasa, na umeipima wapi. Kwa robo ya kwanza wengi wataiacha wazi, na iachwe wazi, mtu asiijaze kwa maneno.

Mwenyekiti amesema italetwa kwenye kikao kijacho. Nami nitakuwepo.